Mwindaji Mwenye Sahani Nyumbani

Kati ya wanyama wote wanaofugwa, paka ni miongoni mwa wale waliobadilika kidogo sana. Ng'ombe, kondoo na kuku wamegeuzwa na ufugaji kwa umbo na kwa tabia, lakini paka wa nyumbani bado anafanana mno na wahenga wake wa porini. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani kote duniani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, jamii moja na paka pori anayeonekana hadi leo katika nyika za Tanzania na Kenya, mwenye miguu mirefu na wekundu nyuma ya masikio. Aliwasogelea watu pale walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, kwa kuwa nafaka ilileta panya. Katika kisiwa cha Saiprasi limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka wake yapata miaka 9,500 iliyopita. Tangu enzi hizo, kilichompa paka nafasi katika makazi ya watu ni uwindaji wake, na hakuna mfugaji aliyewahi kujaribu kuuondoa.

Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo. Anaweza kuona kwa takriban sehemu moja ya sita tu ya mwanga anaouhitaji binadamu. Masikio yake hunasa milio myembamba ya panya ambayo sikio la mtu halisikii kabisa. Ni lazima ale nyama, kwani kuna viini lishe asivyoweza kujitengenezea mwilini akapata vya kutosha. Mawindo yake ya kawaida ni madogo, kwa hiyo porini hulazimika kuua mara kadhaa kwa siku, na mitego yake mingi huambulia patupu. Mnyama wa namna hiyo angesubiri njaa imbane ndipo aanze kuwinda, angechelewa. Ndiyo sababu hamu ya kuwinda na njaa ni mambo mawili tofauti kwa paka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976, paka waliokuwa katikati ya kula chakula kizuri waliacha sahani zao, wakamuua panya aliyewekwa karibu, kisha wakaendelea na mlo. Wengi wa wenye paka husema kwamba paka wao hawindi kwa sababu analishwa vizuri, na husema hivyo kwa nia njema, lakini maumbile ya mnyama huyu hayako hivyo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Porini, idadi ya wawindaji hufungwa na idadi ya mawindo. Swala wakipungua, chui nao hupungua, na swala hupata nafasi ya kuongezeka tena. Paka anayelishwa nyumbani, au anayeokota vichwa vya samaki sokoni na mabaki kwenye jalala, hafungwi na kanuni hiyo. Mijusi wakiisha katika bustani, yeye hafi njaa wala hahami. Anabaki pale pale akimngojea wa mwisho. Chakula cha binadamu pia huwezesha paka wengi kuishi katika eneo dogo ambalo, kwa mawindo peke yake, lingemtosha paka pori mmoja tu.

Hesabu za nchi chache zilizofanyiwa utafiti wa kina zinatisha. Nchini Marekani, watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2013 walisema paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, pamoja na wanyama wanaonyonyesha kati ya bilioni 6.3 na bilioni 22.3, wengi wao wakiwa panya na jamaa zao. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokana na paka wasio na mwenyewe. Nchini Australia, ambako paka waliingia na walowezi wa Kiingereza kuanzia mwaka 1788, paka shume huua zaidi ya wanyama bilioni 1.5 wa asili ya nchi hiyo kila mwaka. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya kumbukumbu za dunia nzima ulimhusisha paka na kutoweka kabisa kwa spishi 63 za ndege, wanyama wanaonyonyesha na reptilia. Mwaka 2023, orodha ya vyakula vya paka iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi ilifikia spishi 2,084, na 347 kati ya hizo ziko katika hatari ya kutoweka au zinakaribia kuwa hivyo.

Sehemu kubwa ya spishi zilizotoweka ziliishi visiwani. Ndege wa kisiwa kisichokuwa na mnyama mla nyama hukaa vizazi kwa vizazi bila sababu ya kuogopa. Hutaga chini, wengine hupoteza uwezo wa kuruka, na wengi huzaa polepole, hata yai moja tu kwa mwaka. Katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, mnara wa taa ulianza kufanya kazi mwaka 1894 na paka wakaja pamoja na watu. Palikuwa na ndege mdogo asiyeruka, ambaye wanasayansi walimfahamu kwa mara ya kwanza kutokana na mizoga iliyoletwa na paka kwa David Lyall, msaidizi wa mlinzi wa taa. Katika muda mfupi ndege huyo akawa hayupo tena duniani. Masimulizi maarufu humlaumu paka mmoja tu, lakini waliochunguza nyaraka za wakati ule wanaonyesha kwamba paka walizaliana na kuwa wengi, na waliwindwa hadi mwaka 1925 ndipo wakaisha kisiwani.

Kisa cha kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini kilichopo karibu kilomita 2,000 kusini-mashariki mwa Cape Town, kinafundisha zaidi kwa sababu kimeandikwa hatua kwa hatua. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa kwenye kituo cha hali ya hewa ili wapunguze panya wadogo wa nyumbani. Panya hawakuisha. Paka waligundua kwamba mashimo ya kisiwa hicho yamejaa petreli, ndege wa baharini wanaotaga ardhini, na kuwakamata ilikuwa rahisi kuliko kukimbizana na panya. Kufikia mwaka 1977 paka watano walikuwa wamegeuka takriban 3,400, na ilikadiriwa kwamba walikuwa wakiua petreli 455,000 kila mwaka. Aina moja ya petreli ilitoweka kabisa kisiwani. Serikali iliingiza virusi vya ugonjwa hatari wa paka, idadi ikashuka hadi mamia. Kisha wawindaji wakapelekwa kuwasaka usiku kwa tochi na bunduki, na hatimaye mitego na sumu vikatumika. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991, zaidi ya miaka arobaini baada ya wale watano kushushwa. Panya wangali wapo. Wamezoea kuwatafuna makinda ya albatrosi wakiwa hai, na miaka ya karibuni wameanza kuwashambulia hata albatrosi wakubwa.

Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki ina mifano yake. Katika kisiwa cha Frégate, Ushelisheli, paka walichangia kumfikisha ndege mmoja mweusi mwenye madoa meupe mabawani, ambaye haishi popote nje ya Ushelisheli, ukingoni mwa kutoweka; katika miaka ya 1960 walibaki chini ya ishirini. Paka waliondolewa, ndege wakahamishiwa pia visiwa vingine salama, na sasa wapo mamia. Katika kisiwa cha Réunion, paka hupanda milima mirefu na kuwaua petreli wanaozaliana huko tu. Aldabra, urithi wa dunia tangu mwaka 1982, ina ndege anayefanana na kukuziwa, asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna yake katika bahari hii. Alitoweka katika visiwa vya Aldabra vilivyokuwa na paka, akasalia katika vile ambavyo paka hawakufika. Mwaka 1999 ndege 18 walirudishwa Picard, kisiwa ambacho hakikuwa na paka tena, na wakaongezeka kwa kasi.

Madagaska inaigusa historia ya Waswahili moja kwa moja. Katika misitu ya kisiwa hicho wanaishi paka wakubwa wenye michirizi, ambao kwa miaka mingi asili yao haikujulikana. Wapo waliodhani ni paka pori wa Afrika waliovushwa kutoka bara. Mwaka 2020 matokeo ya vinasaba vya paka 30 yalionyesha kwamba ni wazao wa paka wa nyumbani wa nchi za Bahari ya Arabuni, wenye undugu na paka wa Oman, Kuwait na Dubai, na pia wa Lamu na Pate. Inaelekea walisafiri katika majahazi ya wafanyabiashara, ambako paka alihitajika kulinda shehena dhidi ya panya, wakashuka bandarini na kuingia msituni. Huko huwinda ndege, panya wa asili, nyoka, na hata lemuri. Kwa asili lemuri ni wa kisiwa hiki peke yake, na tayari misitu yao inakatwa kila mwaka. Paka wa bandarini amewaongezea mzigo ambao miili na tabia zao hazikuandaliwa kuubeba.

Barani mambo ni tofauti kiasi. Wanyama wadogo wa Afrika wameishi na paka pori, mondo, fungo na nguchiro tangu zamani, kwa hiyo wanajua kujificha na kukimbia. Hata hivyo, ujuzi huo hausaidii sana pale wawindaji wanapokuwa wengi kupita kiasi. Jiji la Cape Town limechunguzwa vizuri kuliko jiji lingine lolote la Afrika. Watafiti waliwavisha paka kamera ndogo shingoni na kulinganisha picha na mawindo yaliyoletwa nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikadiria kwamba paka wapatao 300,000 wa jiji hilo huua wanyama milioni 27.5 kwa mwaka, wastani wa wanyama 90 kwa kila paka. Lililo zito zaidi ni kwamba paka walileta nyumbani asilimia 18 tu ya walichokiua. Kilichobaki kililiwa au kiliachwa palepale. Nusu ya mawindo yote yalikuwa reptilia, hasa mijusi, ambao mwenye nyumba ni nadra kuwaona mlangoni. Kwa kila mzoga unaoonekana barazani, kuna minne au zaidi isiyoonekana. Paka wanaoishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain huvuka mpaka na kuwinda ndani ya hifadhi, katika eneo lenye mimea na viumbe wasiopatikana kwingine.

Madhara mengine hayahitaji hata ukucha. Mjini Sheffield, Uingereza, watafiti waliweka paka aliyekaushwa karibu na viota kwa dakika chache tu. Wazazi wa makinda walipunguza safari za kuleta chakula kwa takriban theluthi moja, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya saa moja baada ya paka kuondolewa. Kelele zao za hofu ziliwaonyesha pia wanyang'anyi wengine kiota kilipo. Makinda hufa hivyo bila paka kuwagusa.

Halafu kuna magonjwa. Kimelea cha toksoplasma hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa jamii ya paka peke yao, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mvua huyasomba hadi mitoni na baharini. Huko Hawaii kimelea hiki kimewaua sili adimu wa visiwa hivyo, na pwani ya California kimewaua fisi maji wa baharini. Wanawake wajawazito huonywa wasishike kinyesi cha paka kwa sababu hiyo hiyo. Kati ya miaka ya 2002 na 2004, virusi vya saratani ya damu ya paka viliwaingia puma wachache waliobaki Florida, na vinasaba vya virusi vilielekeza kwa paka wa nyumbani. Paka wa nyumbani pia hujamiiana na paka pori. Nchini Scotland mchanganyiko huo umefika mahali ambapo paka pori halisi karibu wameisha, na mwaka 2023 wale waliozalishwa kwenye mabanda maalumu walianza kuachiwa porini ili kuwarejesha. Katika Afrika Mashariki paka pori bado ni wengi ndani ya hifadhi, lakini vijiji vinaposogea mipakani, paka dume wa kijijini hufika kwa jike wa porini usiku mmoja tu.

Mkulima au mwenye duka la nafaka atauliza kuhusu panya, na swali lake ni la haki. Paka huua panya wadogo na makinda ya panya kwa wepisi. Panya wakubwa wa mjini ni habari nyingine. Katika kituo cha taka huko Brooklyn, New York, kamera zilifuatilia paka na panya kwa siku 79, na paka walifanikiwa kuua panya wawili tu, ingawa panya walikuwa zaidi ya mia. Nchini Eswatini, utafiti wa mwaka 2017 katika maboma ya vijijini ulikuta kwamba kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja zilikuwa na panya wachache waliothubutu kutafuta chakula, lakini kaya zenye paka peke yake au mbwa peke yake hazikupata nafuu ya wazi. Paka ana nafasi yake ghalani. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko sifa zake, na ghala lenye sakafu ya saruji, mlango unaobana na magunia yaliyoinuliwa juu ya chanja humsaidia mkulima zaidi ya paka watatu wenye njaa. Kumnyima paka chakula ili awinde panya hakufai. Atatanga mbali na nyumba na kula chochote atakachokuta.

Kuwaondoa paka kabisa kumewezekana katika visiwa kadhaa, ingawa Marion inaonyesha kwamba kazi hiyo ina matokeo yake. Katika kisiwa cha Ascension, Atlantiki, paka walifika na wanajeshi wa Kiingereza baada ya mwaka 1815, na ndege wengi wa baharini wakakimbilia miamba iliyotengwa na maji. Paka shume wa mwisho waliondolewa kufikia mwaka 2004. Paka wa majumbani waliruhusiwa kubaki kwa sharti la kuandikishwa na kuhasiwa. Mwaka 2012 frigeti, ndege wakubwa wa baharini wasiozaliana pengine popote duniani, walianza tena kutaga kwenye kisiwa kikuu. Macquarie, kisiwa cha Australia, kilipata funzo chungu: baada ya paka kwisha mwaka 2000, sungura waliongezeka wakala mimea hadi miteremko ikaanza kuporomoka, na ikabidi sungura, panya wakubwa na panya wadogo nao waondolewe. Kisiwa kilitangazwa safi mwaka 2014. Tangu hapo wataalamu husisitiza kuwaondoa wavamizi wote kwa mpango mmoja.

Katika miji na vijiji hakuna anayeweza, wala hapaswi, kuwaondoa paka kwa njia hiyo. Sumu inayotegwa mitaani humuua paka kwa mateso, na huua pia mbwa, bundi na kunguru. Njia zenye faida zimo mikononi mwa wenye paka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, uliochapishwa mwaka 2021 baada ya kufuatilia kaya 219 kusini-magharibi mwa Uingereza, ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi na kisicho na nafaka walipunguza mawindo wanayoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kila siku, kwa kamba yenye manyoya na mfano wa panya, walipunguza kwa asilimia 25. Kitambaa chenye rangi kali shingoni kilipunguza ndege wanaokamatwa kwa asilimia 42, kwa sababu ndege huona rangi vizuri. Njuga, ambazo watu wengi huziamini, hazikuleta tofauti ya wazi.

Njia ya uhakika ni kumweka paka ndani, au katika ua usiotokeka. Kumfungia usiku peke yake huwaokoa panya wa porini na wadudu wakubwa, lakini mijusi na vinyonga huwindwa mchana, na ndege wengi hukamatwa alfajiri wanapoteremka kutafuta chakula. Mafundisho ya Uislamu, yanayojulikana na kila mtoto wa chuo pwani, humhesabu paka kuwa safi, hata maji aliyoyanywa yanafaa kutawadhia. Mafundisho hayo hayo humlaani anayemfungia paka bila kumlisha na bila kumwacha ajitafutie. Paka wa ndani mwenye chakula, maji, sanduku la mchanga na mtu wa kucheza naye hadhulumiwi, na huishi miaka mingi zaidi kwa kuepuka magari, mbwa na magonjwa.

Kwa paka wa mitaani, kuhasi ndilo jambo la kwanza. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, huzaa watoto watatu hadi watano, na anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Akiwa na umri wa miezi mitano tayari anaweza kushika mimba. Lamu, mji wenye paka wanaojulikana mbali, ina kliniki ya wanyama ambayo imehasi paka wengi wa mitaani na kuwarudisha walikotoka. Mpango wa aina hiyo hufaulu pale tu ambapo sehemu kubwa ya paka wa eneo, kwa makadirio mengi karibu robo tatu, huhasiwa kwa muda mfupi, na watu wakaacha kutupa watoto wa paka sokoni au kando ya misitu. Paka aliyehasiwa na kurudishwa huendelea kuwinda hadi atakapokufa, kwa hiyo hafai kurudishwa karibu na viota au hifadhi.

Katika visiwa vidogo visivyokaliwa, kazi ni rahisi zaidi. Fungu Kizimkazi, kusini-mashariki mwa Zanzibar, na vijisiwa vya Kiunga kaskazini mwa Lamu ni mazalia ya membe na ndege wengine wa baharini wanaotaga juu ya mchanga na miamba mitupu. Wavuvi wanaopiga dago katika visiwa kama hivyo husumbuliwa na panya wanaotoka vyomboni, na huweza kuvutika kuchukua paka, kama walivyovutika watu wa Marion na Ascension. Chumbe, karibu na Unguja, walichagua njia nyingine: mwaka 1997 waliwaondoa panya wenyewe kwa chambo chenye sumu kilichowekwa kwa uangalifu kisiwa kizima, na tangu hapo vyombo na mizigo inayoingia huchunguzwa kabla ya kushushwa.